EDE, UHOLANZI: PORI LILILOTENGENEZWA NA KONDOO



Kila mwaka ikikaribia Septemba napata maswali yanayofanana. Ndugu zetu wanaokuja kusoma Wageningen wanashuka treni hapa Ede kwa sababu Wageningen yenyewe haina treni, wanaburuta mabegi mpaka kwenye basi, wanapanda, ndio wamepotea hivyo. Baada ya miezi michache, baridi ikishawakolea, ndio wanaanza kuuliza: "Dogo, hivi hapo Ede kuna nini cha kuangalia? Au ni stesheni tu?"

Mi nakaa hapa kwa dada na shemeji. Sina digrii ya mazingira wala ya historia, nimeishia kidato cha nne na jografia nilipata C. Ila nina baiskeli, nina muda, na nina tabia ya kuuliza maswali mpaka watu wanachoka. Kwa hiyo leo natoa jibu moja refu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Jibu fupi: kuna nyika, kuna makaburi ya kale, kuna uwanja wa vita na kuna hifadhi kubwa ya wanyama yenye michoro ya Van Gogh katikati ya msitu. Jibu refu ni kwamba vyote hivyo vimeshikana, na aliyevishikanisha ni kondoo. Msicheke kwanza, subirini.

SIKU YA KWANZA NILIBOREKA

Mara ya kwanza shemeji kunipeleka Ginkelse Heide ilikuwa Februari. Aliniambia tunakwenda porini, mi kichwani nikaweka Mikumi. Tumefika, naona uwanda mkubwa wa vichaka vya kahawia vinavyoishia magotini, upepo unakata masikio, na kwa mbali mstari wa misonobari. Nikauliza, "Shem, wanyama wako wapi?" Akanijibu, "Twende kwanza tukamsalimie mchungaji."

Jamani, nilichomekea shati. Nilijua tunakwenda kwa mchungaji wa kanisa! Kumbe ni mchungaji kwelikweli, ana fimbo, mbwa wawili na kondoo wengi wenye sufu chafu. Nikacheka peke yangu, nikasema ndio nimepanda ndege kuja Ulaya kuangalia kondoo.

Yule bwana hakuchukia. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na cha kwake kizuri kidogo, aliniuliza swali moja: unafikiri wale wasipokuja hapa kwa miaka ishirini, utakuta nini? Nikasema nitakuta hivihivi. Akatikisa kichwa, akanionyesha kamche ka msonobari kamejitokeza katikati ya vichaka, hakazidi kidole. Akasema utakuta msitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ile sehemu niliyoiona kama pori lililotupwa tu, ni shamba la watu. Limetunzwa kwa maelfu ya miaka, na likiachwa hata kizazi kimoja linafutika.

HEIDE NI NINI HASA

Heide ni jina la mmea na pia ni jina la ardhi inayoota mmea huo. Ni kichaka kifupi chenye vijani vidogo kama magamba, kinachopenda mchanga maskini. Mwezi wa nane mpaka mwanzoni mwa wa tisa kinatoa maua ya zambarau, na hapo uwanda mzima unageuka rangi. Wafuga nyuki wanaleta mizinga yao, kwa sababu asali ya heide ni nzito na ina wateja wake. Mkija Februari kama mimi, shauri yenu.

Ede iko ukingoni mwa Veluwe, eneo kubwa la misitu na nyika katika mkoa wa Gelderland. Si mnasikia Uholanzi ni nchi bapa iliyo chini ya usawa wa bahari? Hapa sivyo. Katika enzi ya barafu, kama miaka 150,000 iliyopita, milima ya barafu ilisukuma mchanga na kokoto mpaka ikaacha vilima. Baadaye upepo ukamwaga mchanga mwingine juu yake. Maji yanazama haraka na virutubisho vinazama nayo, kwa hiyo udongo wake ni wa njaa.

Juu ya udongo huo wa njaa palikuwa na msitu. Wakulima wa kwanza wakaukata na kuuchoma, wakalima, udongo ukachoka, wakahama. Mifugo ikala machipukizi, msitu ukashindwa kurudi, heide ikachukua nafasi. Kwa hiyo nyika ya Ede sio asili ambayo binadamu hajaigusa. Imetoka mikononi mwa binadamu.

SAMADI NDIO ILIYOUSHIKILIA MJI

Sasa sikilizeni jinsi mfumo ulivyokuwa unafanya kazi, maana ni akili kubwa.

Mkulima wa zamani wa hapa hakuwa na mbolea ya kununua. Alichokuwa nacho ni nyika isiyo na mwisho na kondoo. Mchana kondoo wanakula heide, usiku wanalala bandani na kuacha mavi. Lakini mavi peke yake hayatoshi, na yanapotea mchangani. Kwa hiyo alikwenda nyikani na jembe maalumu, akachuna ngozi ya ardhi, yaani majani, mizizi na udongo wake wa juu, akatandika bandani kama godoro. Godoro lile linanyonya mkojo na mavi, likishaiva anabeba kwenye mkokoteni mpaka shambani.

Kondoo basi hakufugwa hasa kwa ajili ya nyama. Sufu ilikuwa nzuri, sawa, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwa kiwanda cha mbolea chenye miguu minne. Na ili shamba moja lishibe, ilibidi kuchuna eneo la nyika kubwa mara kadhaa kuliko shamba lenyewe.

Mkitaka kuona matokeo kwa macho, nendeni Doesburger Eng, kaskazini magharibi ya mji. Kuna kinu cha upepo cha mbao kinachozungushwa kizima juu ya nguzo yake kufuata upepo, moja ya vinu vikongwe kabisa Uholanzi. Wengi wanapiga picha kinu wanaondoka. Mi nawaambia angalieni shamba. Mashamba yale yameinuka, yamefutuka kama mkate. Karne kwa karne za kumwaga samadi na udongo wa nyika ziliongeza tabaka jeusi la nusu mita na zaidi. Unakanyaga mavi ya kondoo wa miaka mia kadhaa, na yalilisha watu.

Lakini mfumo ulikuwa na hatari yake. Ukichuna nyika kupita kiasi, mchanga unabaki uchi na upepo unaubeba. Wekeromse Zand, kilomita chache kutoka Ede, ni jangwa dogo lililozaliwa hivyo, mchanga mtupu unaotembea, uliokuwa ukifukia mashamba ya watu. Karibu yake kuna alama za mashamba ya Enzi ya Chuma, viraka vya mraba vilivyozungushiwa matuta, na wamejenga upya nyumba ya mkulima wa enzi hizo. Ingieni ndani mnuse moshi, mtafikiri mko kijijini kwa bibi.

Mfumo huu ulikufa mwishoni mwa karne ya 19. Mbolea za viwandani zilifika, sufu ya bei chee ikaja kwa meli kutoka Australia, kondoo akakosa kazi. Nyika zikalimwa au zikapandwa misonobari, mingi ya kutengenezea nguzo za kushikilia migodi ya makaa. Ya zamani hizo haijabaki hata moja ya kumi. Ginkelse Heide ni mojawapo ya vipande vilivyonusurika.

WALIOZIKWA JUU YA VILIMA

Mkitembea kwenye misitu na nyika zinazouzunguka mji mtaona vituta vya mviringo vimejiinua, vingine kimo cha mtu, vingine chini ya hapo. Sio vichuguu. Ni makaburi. Watu walizikwa humo kati ya miaka 3,500 na 5,000 iliyopita, wengine na chungu chenye umbo la kengele iliyogeuzwa pembeni yao. Vyungu vya namna hiyo vilivyopambwa kwa mistari vimepatikana vingi hapa Veluwe mpaka vimepewa jina la eneo hili.

Mi swali langu lilikuwa dogo tu: kwa nini wazike watu msituni? Jibu ni kwamba hapakuwa msitu. Kaburi lilijengwa mahali palipo wazi ili lionekane toka mbali. Watafiti wakichimba chini ya vituta wanakuta udongo wa zamani umefunikwa na kuhifadhika, una chavua ya mimea ya siku ile, nayo inawaambia kama palikuwa na miti au palikuwa na malisho. Mifugo ilishakuwepo, ilishafungua ardhi. Yaani miaka 4,000 iliyopita mtu alisimama hapo kwenye uwazi kama ule niliosimama mimi Februari, akamlilia ndugu yake.

Tafadhali msipande juu ya vituta na baiskeli. Vinalindwa kisheria, na hata bila sheria, ni makaburi ya watu.

JUMATATU, 18 SEPTEMBA 1944

Twende kwenye ile sehemu inayoleta watu wengi.

Mwaka 1944 Uholanzi ilikuwa chini ya Wajerumani. Waingereza na Wamarekani walipanga kuteka madaraja mfululizo kwa askari wa miamvuli, la mwisho likiwa lile la Arnhem juu ya mto Rhine. Tatizo, ndege kubwa namna ile na askari maelfu watashukia wapi? Karibu na daraja marubani waliogopa mizinga ya kutungulia ndege. Walihitaji mahali pakubwa, bapa na pasipo na miti.

Mmeshaelewa ninakokwenda. Mahali palipo wazi ni pale kondoo alipokula miche. Ginkelse Heide ilichaguliwa kuwa uwanja wa kutua, na iko kama kilomita 15 kutoka darajani.

Jumapili tarehe 17 Ede ilipigwa mabomu na ndege za washirika kabla ya askari kutua, na makumi ya raia walikufa. Siku hiyohiyo kikosi cha Waskoti kilitua kwa ndege zisizo na injini karibu na Wolfheze, kikatembea mpaka Ginkelse Heide kuilinda, maana kundi la pili lilitakiwa kuruka kesho yake asubuhi. Asubuhi ikafika, ndege hazipo. Kumbe ukungu Uingereza umezifungia. Waskoti walipigana saa nyingi kuishikilia nyika na kikosi cha SS ambacho askari wake wengi walikuwa Waholanzi, walinzi kutoka kambi ya wafungwa ya Amersfoort. Hilo huwa halisemwi kwa sauti kubwa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchana ndege zikatokea. Askari kama 2,000 wa Brigedi ya 4 ya miamvuli waliruka juu ya nyika huku heide inawaka moto na risasi zinawapokea angani. Kiongozi wao aliitwa Brigedia John Hackett, alikuwa na miaka 33.

Walitua, lakini walishachelewa, na daraja lilikuwa mbali. Ni askari kama 700 tu, chini ya John Frost, walioufikia upande wa kaskazini wa daraja, wakaushikilia mpaka tarehe 21 walipoishiwa. Kati ya askari kama 10,000 waliotua kaskazini ya mto, waliovuka kurudi usiku wa kuamkia tarehe 26 hawakufika 2,500. Makaburi ya Oosterbeek, karibu na Arnhem, yana zaidi ya 1,700. Nendeni mkasome umri kwenye mawe. Miaka 19, 20, 22. Mi nilipofika kwa aliyekuwa na umri wangu nilisimama pale muda mrefu.

Kila Septemba askari wanaruka tena kwa miamvuli pale Ginkel, na maelfu ya watu wanakwenda kuangalia. Pale Oosterbeek watoto wa shule wanaweka maua, kila mtoto kaburi lake.

BRIGEDIA ALIYEGEUKA MGENI

Hii ndio niipendayo kuliko zote.

Hackett alijeruhiwa vibaya tumboni na mguuni tarehe 24 Septemba. Akafikishwa hospitali Arnhem, ambayo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Daktari mmoja Mjerumani aliona huyu hafai hata kufanyiwa upasuaji, ataumizwa bure. Daktari mfungwa, Lipmann-Kessel, mzaliwa wa Afrika Kusini, akampasua hata hivyo, akapona. Wapiganaji wa siri wa Kiholanzi wakamtorosha hospitali na kumleta wapi? Ede. Kilomita chache tu kutoka ile nyika aliyotua.

Aliwekwa kwa ukoo wa de Nooij, nyumba ya wanawake watu wazima waliokuwa wacha Mungu, katikati ya mji uliojaa Wajerumani. Alikaa pale miezi kama minne. Hicho ndicho kile kipupwe cha njaa, watu wa miji ya magharibi wanakula balbu za maua. Akikutwa, wenye nyumba wanapigwa risasi, hakuna mjadala. Walimlisha, walimtibu, wakamfundisha kutembea upya, mpaka mwanzoni mwa 1945 akatolewa kwa baiskeli na kuvushwa kwenda upande wa washirika.

Na hakuwa peke yake. Askari wengi walifichwa mashambani na misituni kuzunguka Ede. Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1944 zaidi ya 130 kati yao walikusanywa msituni, wakaongozwa gizani mpaka mto Rhine karibu na Renkum, wakavushwa kwa mashua. Wakulima na vijana wa hapa walijua, na wakanyamaza.

Hackett aliandika kitabu juu ya miezi ile, kikatoka 1977. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Nilikuwa Mgeni", limetoka kwenye Mathayo 25. Nyie mlioko ughaibuni mnajua neno mgeni lina uzito gani. Mi kila nikipita kati ya mji na baiskeli yangu nawaza wale akina mama. Hakuwa ndugu yao, na hakuna aliyewaamuru.

HOGE VELUWE NA BAISKELI NYEUPE

Hii nitaieleza kwa haraka kwa sababu inajulikana. Kama kilomita 10 kutoka Ede kuna kijiji cha Otterlo, na hapo ndipo lango mojawapo la hifadhi ya Hoge Veluwe lilipo. Ina ukubwa wa hekta kama 5,400 za msitu, heide na mchanga. Ilikuwa mali ya mume na mke, Anton Kröller na Helene Müller, matajiri wa meli na madini ya chuma. Bwana alitaka mahali pa kuwinda, bibi alitaka mahali pa kuweka michoro. Biashara ilipoyumba, hifadhi ikawekwa chini ya taasisi mwaka 1935, na jumba la makumbusho likafunguliwa 1938. Lina mkusanyiko wa pili kwa ukubwa duniani wa kazi za Van Gogh.

Ukishalipa kiingilio, baiskeli nyeupe ni bure. Ziko kama 1,800, unachukua yoyote, unaacha popote pa kuegesha. Usishangae ukitoka makumbusho ukakuta yako kachukua mwingine, chukua nyingine. Jioni ukitulia unaweza kuona kulungu wakubwa na nguruwe pori. Makumbusho yana tiketi yake tofauti, msije mkasema sikuwaambia.

MBONA SASA INAKUFA?

Nilidhani shida imeisha: nyika imebaki kidogo, inalindwa kisheria, kondoo wanakula miche, basi. Kumbe adui wa sasa haonekani.

Magharibi ya Ede kuna Gelderse Vallei, bonde lenye kuku, nguruwe na ndama wengi mno waliofungiwa mabandani. Mavi na mkojo wao unatoa amonia, inapanda hewani na kushuka juu ya nyika. Ukiongeza moshi wa magari na viwanda, ni kama kuna mtu anapita kila siku kumwaga mbolea usiyoitaka. Heide inapenda njaa. Ukiilisha, majani ya nyasi yanakua haraka kuliko yenyewe, yanaifunika, inakufa.

Udongo pia unakuwa na tindikali, chokaa inayeyuka na kupotea. Konokono wanakosa chokaa ya magamba yao. Ndege wadogo waliokuwa wanakula konokono nao wanakosa. Hapa Veluwe watafiti wamekuta makinda ya ndege aitwaye koolmees yamevunjika miguu yakiwa bado kiotani, kwa sababu mifupa haina chokaa. Mi hiyo niliisoma mara mbili.

Oneni maajabu. Kwa maelfu ya miaka mavi yalikuwa haba, watu wakachuna nyika kuyatafuta. Leo mavi yamezidi na yanaiua nyika ileile.

Serikali imeburutwa kortini. Mei 2019 baraza la juu la Uholanzi liliufuta mfumo wa vibali vya naitrojeni, ujenzi mwingi ukasimama, na Oktoba mwaka huo wakulima wakaenda The Hague na matrekta. Mwaka 2020 mwendo wa magari mchana kwenye barabara kuu ulishushwa mpaka kilomita 100 kwa saa. Januari 2025 mahakama ya The Hague iliiamuru serikali kwamba ifikapo 2030 angalau nusu ya maeneo ya asili yanayodhurika na naitrojeni yawe chini ya kiwango cha hatari.

Sasa msikimbilie kumlaumu mkulima. Mkulima huyu aliambiwa na benki na serikali miaka mingi: ongeza, ongeza. Amekopa, amejenga banda, leo anaambiwa punguza. Mzee mmoja wa mtaa wetu amefuga ndama maisha yake yote, ukimtajia naitrojeni anakohoa na kubadili mada. Nyika ni ya kwao pia, babu zake waliichuna kwa jembe.

Na mchungaji wangu ana mtihani mwingine. Mbwa mwitu amerudi. Simaanishi wale wenye mabaka wa kwetu, hawa ni wale wa kijivu wa hadithi za watoto. Uholanzi iliwamaliza karne ya 19, na mwaka 2019 wakazaa tena hapa Veluwe. Kwa msitu ni neema, kwa kondoo ni msiba. Makundi ya Veluwe yameshavamiwa mara nyingi, na kondoo pori walioletwa Hoge Veluwe enzi za Bwana Kröller idadi yao imeporomoka. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulilegeza ulinzi wa mbwa mwitu kidogo, lakini ugomvi haujaisha. Uzio wa umeme ni gharama, na uchungaji wenyewe unaishi kwa ruzuku, maana sufu siku hizi haina bei.

Kondoo wakiondoka, mashine zinaweza kuchuna ardhi. Lakini mashine haichagui mche, haisambazi mbegu kwenye sufu yake, na haiji kila siku.

UKITAKA KWENDA

Treni: kutoka Utrecht ni chini ya nusu saa, unashuka Ede-Wageningen. Kutoka Arnhem ni karibu zaidi.

Usafiri: kodi au azima baiskeli. Ginkelse Heide iko mashariki ya mji kwenye barabara ya Arnhem, dakika 20 hivi kwa mwendo wa kawaida. Banda la kondoo na mnara wa kumbukumbu wa 1944 viko hapohapo.

Wakati: nusu ya pili ya Agosti kwa maua, Septemba kwa miamvuli na kwa milio ya kulungu madume jioni.

Kupe: vaeni suruali ndefu, chomekeni kwenye soksi, jikagueni usiku. Kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme na sio utani.

Adabu: bakini njiani, mbwa wafungwe kamba, msiwashe moto kabisa, heide kavu inawaka kama mafuta ya taa. Mkikuta kundi la kondoo, simameni lipite. Ukimkuta mchungaji mwenyewe, msalimie.

KWA KUMALIZA

Nilirudi pale Agosti. Zambarau mpaka macho yanauma. Mchungaji alinikumbuka, akaniuliza kama bado nimeboreka. Nikamwambia kwetu usukumani tuna ngitili, malisho yanayofungwa kipindi cha mvua yakafunguliwa kiangazi, bibi yangu analo la kwake. Akataka kujua nani anayeamua siku ya kufungua. Tukakaa kwenye jiwe tunaongea malisho, mimi na yeye, mbwa wamelala.

Kabla ya kuondoka nikatafuta ule mche wa msonobari alionionyesha Februari. Ulikuwa umeliwa. Nikacheka, nikapanda baiskeli.

Haya wadau, uwanja wenu. Mlioko Drenthe, Hilversum au kwingine kwenye nyika kama hii, huko kwenu kondoo bado wapo? Na yule aliyesoma naitrojeni Wageningen aje atusahihishe hapo nilipokosea, asiogope kunikosoa, C yangu ya jografia imeshazoea.